Fundi Alisimama Nje ya Ua

Mwezi uliopita tulimzika mama mkwe wangu. Baada ya mazishi, watu wakiwa wanakula, msichana mmoja wa ukoo aliketi karibu nami na sahani yake akaniuliza kama ni kweli wanayosema, kwamba zamani nilitengeneza gari peke yangu hapo uani. Nikamwambia hapana, tulikuwa watatu, na mmoja wetu hakukanyaga ndani ya boma. Alicheka akidhani ninamtania. Nilipoanza kumweleza, wapishi wakaita vijana wa kubeba sufuria na yeye akainuka kwenda. Basi ninaeleza hapa, polepole, kama nilivyozoea kuwaeleza watoto wa darasa la pili, ili hata mtu ambaye hajawahi kufungua boneti anifuate mpaka mwisho. Si kazi ngumu. Ngumu ilikuwa mahali tulipoifanyia.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi nje kidogo ya mji wa Homa Bay, na nyumba yangu ya ndoa ilikuwa upande wa Migori, mahali ambapo ukinyamaza unasikia malori ya miwa yakipanda kwenda Awendo. Nyumbani nilikuja wakati wa likizo tu. Januari ya mwaka ule mume wangu, Otieno, alifariki baada ya kuugua, nami nilipokuja kumzika sikuweza kutoka tena. Hakuna aliyenifunga kamba. Lakini kwetu Wajaluo, mwanamke aliyefiwa na mume huwa katika chola, yaani ule muda wa msiba ambao haingii boma la mtu mwingine, hakatizi shamba la mtu, haketi bega kwa bega na watu, maana inaaminika kwamba atawapelekea balaa. Chola huisha wazee wanapokaa kitako na kumaliza mambo ya marehemu pamoja na kugawa vitu vyake. Wazee wetu hawakukaa. Walikuwa wakimngoja kaka mkubwa wa Otieno arudi kutoka Mombasa, na kaka mkubwa kila mara alituma neno kwamba hajapewa ruhusa kazini. Mvua za masika zikaja zikaenda, mahindi yakapandwa yakavunwa, mimi niko palepale.

Bado naijua nyumba ile kuliko nyumba yoyote niliyowahi kukaa. Ilikuwa na vyumba viwili, na dirisha la sebuleni lilitazama ua wa minyaa uliozunguka boma. Upande wa pili wa ua ilipita njia ya kwenda kisimani. Kila asubuhi niliwasikia wanawake wakipita na ndoo zao wakiongea kama watu wanaopita kaburini, kwa sauti ya chini ambayo husikika kuliko ile ya juu. "Bado yuko?" "Yuko. Ataenda wapi?" "Mwalimu mzima." "Msiba hauulizi cheti, dada." Jioni mama mkwe aliniletea chakula, ugali wa mtama na mrenda, au omena, wale dagaa wa ziwani, zilizopikwa na nyanya nyingi kuliko omena. Hakuingia ndani sana, kwa sababu mama hajiachilii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Aliketi kizingitini na kutazama nje huku akivuta sigara kama walivyovuta wanawake wa rika lake, upande wenye moto ukiwa ndani ya mdomo. Nilikula nikiutazama mgongo wake. Siku nyingine hatukusema neno lolote zaidi ya "kula" na "nimeshiba".

Mlangoni kwangu palikuwa na pikapu ya Otieno, ya bluu, kuukuu, ambayo alibebea samaki na magunia ya watu. Alikuwa amenifundisha kuiendesha kwenye barabara za mashamba ya miwa, ambako ukikosea unagonga miwa tu. Kila Jumapili, saa ambayo wengine walikuwa kanisani, niliingia ndani, nikafunga mlango, nikaiwasha ili betri isife. Ndivyo nilivyowaambia watu. Ukweli ni kwamba nilipenda kushika usukani na kuhisi kiti kikitetemeka. Nilikuwa nikienda Rongo, nikikata kona ya Rodi, nikiteremka Homa Bay, bila gurudumu kusogea. Hakuna aliyenikataza, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba kitu kilichokuwa mlangoni pangu ni changu kukigusa mpaka wazee waseme vingine.

Mwezi wa Agosti ukielekea kwisha, mambo mawili yalitokea karibu pamoja. Kwanza, pikapu ilikataa. Iliwaka, ikakohoa, ikazimika, na harufu ya petroli ikajaa. Pili, mwalimu mwenzangu alisimama barabarani siku ya soko akaongea nami akiwa ng'ambo ya ua. Alisema mwalimu mkuu amenilindia nafasi yangu mpaka ameishiwa maneno. Shule zingefunguliwa Jumatatu. Nisipoonekana kwenye paredi ya asubuhi, darasa langu lingepewa mtu mwingine, na jina langu lingetolewa. Nilimshukuru. Alipoondoka nilishika mti wa ua bila kufikiri, utomvu ukanichafua mkono.

Jioni hiyo niliwasikia wanaume katika nyumba ya Ouma, mdogo wake Otieno. Hawakunong'ona, kwa sababu hawakudhani ni siri. "Ile pikapu imeshakufa," Ouma alikuwa akisema. "Kaka akirudi tunang'oa injini, tunafunga mashine ya kusaga. Hapa wanawake wanabeba mahindi kwenda mbali kusaga." Mwenzake akamuuliza, "Na mwalimu?" Ouma akajibu, na hakujibu kwa ubaya, "Mwalimu yuko nyumbani."

Mama mkwe alikuwa kizingitini na alisikia kama mimi. Nilimwambia habari ya Jumatatu. Nikamwambia kwamba matatu siwezi kupanda, makondakta wote wa njia ile wananijua, abiria wangeshuka. Alivuta sigara yake kwa muda. Kisha akaanza kuniuliza, kwa Kijaluo, kama mtu anayepima nguo kabla ya kuikata.

"Matatu ni ya nani?"

"Ya watu, Mama."

"Na hii?"

"Ya Otieno."

"Inalala wapi?"

"Hapa mlangoni."

"Basi ni ya nyumba yako. Ukiwa ndani yake uko kwako. Na shule ni ya nani?"

"Ya serikali."

"Serikali ni boma? Ina mke? Ina watoto utakaowapelekea balaa?" Akatoa sigara mdomoni, akapuliza jivu. "Mimi sijawahi kuona serikali ikifiwa. Itengeneze, Nyar Karachuonyo." Hivyo ndivyo alivyoniita, binti wa Karachuonyo, kwa jina la nilikotoka.

Fundi wa karibu alikuwa Marwa, Mkuria wa Kegonga aliyekuwa na banda lake njiapanda. Aliitwa Jumamosi. Akaja mpaka langoni, akasimama, akakunja mikono.

"Mwalimu, pole sana. Lakini ndani siingii."

"Wewe si Mjaluo. Unaogopa nini?"

"Mimi siogopi kitu. Wateja wangu ndio wanaogopa. Nikigusa gari la marehemu kabla wazee hawajakaa, nani ataniletea lake? Watasema mikono ya Marwa ina msiba. Nitarudi kwetu kulima wimbi." Kisha akaona uso wangu, nadhani, maana alikuna kichwa na kusema, "Lakini kusimama barabarani hakujakatazwa. Sogeza boneti upande huu niione."

Mimi na mama mkwe tuliisukuma pikapu mpaka karibu na ua, ikielekeza pua yake barabarani. Marwa alisimama nje, kidevu juu ya minyaa, nami nikasimama ndani, ubavuni mwa gari karibu na kioo cha mbele, nimeinamia injini nikimwelekea yeye. Kila nilichokijua baadaye kuhusu magari kilianzia kwenye ile sauti iliyotoka juu ya kichwa changu.

Pampu ya petroli katika gari la aina ile ni kitu kidogo, ukubwa wa ngumi, kilichofungwa ubavuni mwa injini kwa nati mbili. Nyuma yake ina mkono wa chuma unaoingia ndani ya injini. Injini ikizunguka, inausukuma ule mkono juu na chini, na mkono unavuta kipande cha mpira kilicho ndani ya pampu, kama mtu anayevuta pumzi. Hivyo petroli hutoka kwenye tangi na kwenda kwenye kabureta, inakochanganywa na hewa ili iwake. Mpira ukichanika, pampu inavuta hewa na kutema petroli nje. Ili kuhakikisha, unachomoa paipu inayokwenda kwenye kabureta, unaitia kwenye chupa ya soda, mtu anazungusha stata kwa ufunguo. Petroli ikiruka chupani, pampu ni nzima.

Mtu wa kuzungusha stata alikuwa mama mkwe, na yeye hangeweza kukalia kiti cha mwanawe, ilikuwa sawa na kukalia kitanda chake. Akasimama nje ya mlango, akapitisha mkono dirishani, akageuza ufunguo. Sote tulisahau kwamba, tulipomaliza kuisukuma pikapu, nilikuwa nimeitia gia isiteleze. Pikapu iliruka kama mbuzi ikavunja fito mbili za ua, mimi nikarukia upande mmoja na Marwa upande mwingine.

"Mama!" Marwa alipiga kelele. "Unataka kuniletea gari barabarani kwa nguvu?"

"Wewe nilisikia unasema washa!" mama mkwe akamjibu kwa Kiswahili chake. "Mimi nawasha!"

Ukikumbuka jambo moja tu katika maelezo haya, kumbuka hilo: toa gia, vuta handibreki, ndipo mtu aguse ufunguo. Tulipojaribu tena, chupa ilibaki kavu na petroli ikachuruzika kutoka tumboni mwa pampu. Marwa alitikisa kichwa. Mama mkwe aliuza mtama wake kidogo, na Jumapili baada ya kanisa Marwa akaja na pampu ya mtumba aliyoitoa Isebania. Hakunipa mkononi. Aliiweka juu ya jiwe nje ya lango akarudi nyuma, nami nikaichukua. Spana namba kumi na mbili, bisibisi na koleo vilikuwa vya Otieno, chini ya kiti.

"Kwanza toa waya ya betri," Marwa alisema. "Hatutaki cheche. Na Mama, zima sigara."

"Moto uko ndani ya mdomo. Utatokaje?"

"Mama, tafadhali."

"Huyu kijana anafikiri mimi napumua petroli," aliniambia kwa Kijaluo, lakini akaenda kuizimia jikoni na kurudi akinuna.

Nililegeza klipu za paipu mbili, nikazichomoa. Ile inayotoka kwenye tangi huendelea kutoa petroli, kwa hiyo unaiziba. Mimi nilichonga kijiti cha mhogo. Nati ya kwanza ilikubali. Ya pili ilikuwa imeshikwa na kutu, na nilipoilazimisha, spana ikateleza nikachubua vidole. "Usipigane nayo," Marwa alisema. "Imwagie mafuta ya taa, kaa chini, ongea na mama mkwe wako." Tukakaa. Wanawake wa kisimani walipita nyuma ya Marwa wakamsalimia, wakachungulia, wakaniona nimeketi chini na mikono myeusi. "Fundi, unafanya nini hapo?" mmoja akauliza. "Naangalia ua," alijibu. "Una minyaa mizuri." Wakacheka mpaka kona.

Nati ilipotoka, pampu ikaja, na ngozi nyeusi ya gasketi, kile kizibo chembamba kinacholala kati ya pampu na injini, nusu ikabaki kwenye injini. Hapo pana haja ya subira. Unaikwangua kwa kisu kisicho kikali sana, na tundu la injini lililoachwa na pampu unaliziba kwa kitambaa, ili uchafu usiingie ndani ya injini. Gasketi mpya nilikata kutoka kwenye boksi la sabuni. Weka boksi juu ya uso wa pampu, gongagonga kingo kwa mpini wa bisibisi, umbo litajichora lenyewe. Kata, toboa matundu, paka oili. Kisha ule mkono wa chuma. Ukiuingiza ukahisi unasukumwa kwa nguvu, acha, usikaze nati ukitegemea zitaulazimisha. Zungusha injini kidogo kwa mkono, kwa kuvuta mkanda wa feni, mpaka sehemu inayousukuma ipite. Niliuhisi ukikaa mahali pake, laini kama kufuli inayoitika. Nikakaza nati kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, ili pampu ilale sawasawa.

"Sasa paipu," Marwa alisema. Jua lilikuwa linashuka na yeye alitaka kwenda. "Ya kwenye tangi weka kushoto. Ya kabureta kulia." Nikaweka, nikakaza klipu, nikatia ncha ya pili ya paipu ya kabureta chupani, nikarudisha waya ya betri. Mama mkwe akageuza ufunguo. Stata ikalia, ikalia, chupa ikabaki kavu. Akageuza tena mpaka betri ikaanza kuchoka. Marwa alishusha kidevu kutoka kwenye ua. "Labda na hii ni mbovu," alisema polepole. "Pole, mwalimu. Kwa mtumba huwezi kujua." Akaenda, na nikasikia baiskeli yake ikishuka njiani.

Nimefundisha miaka mingi na nimeona watoto wakifika mahali pale, hesabu imefanywa vizuri na jibu halitoki, na mtoto anaanza kuamini kwamba yeye mwenyewe ndiye kosa. Hapo ndipo nilipokuwa jioni ile. Niliutazama ua pande zote, nikaona jinsi ulivyokuwa mnene.

Jumatatu palipopambazuka nilirudi kwenye pikapu bila kuwa na wazo jipya, kwa sababu tu sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Nikaweka kidole kwenye paipu inayotoka kwenye tangi nikaifuata, kama ninavyowafundisha watoto kufuata mstari wanaposoma. Ilifika kwenye pampu upande wa kushoto kwangu. Juu ya pampu, chini ya uchafu, palichorwa mshale mdogo. Nikaufuta kwa kidole. Ulionyesha petroli inaingia kulia. Nikainua macho pale ambapo kidevu cha Marwa kilikuwa jana, nikaelewa. Yeye alisimama barabarani akiwa ameelekea kwangu, na mimi nikawa nimemwelekea yeye. Kushoto kwake kulikuwa kulia kwangu. Fundi yeyote anayesimama kando ya gari pamoja nawe hawezi kukosea hivyo. Kosa lile lilihitaji ua katikati.

Nilibadilisha paipu, nikamwita mama mkwe. Alikuja na kanga begani, akapitisha mkono dirishani. Chupa ilitoa mluzi wa hewa, kisha petroli ikaruka, mara moja, mara ya pili, ikajaa povu. Nikairudisha paipu kwenye kabureta. Injini ikawaka ikabaki imewaka.

Ouma alitoka na mswaki wa kijiti mdomoni. "Mama, huyu anaenda wapi na chola?"

"Haendi popote. Yuko kwake."

"Yuko kwake, na injini inanguruma?"

"Wewe kwako hukoromi usiku? Nani amewahi kukuuliza unaenda wapi?"

Ouma alitazama pikapu, na nadhani aliiona mashine yake ya kusaga ikitetemeka mbele yake. Angeweza kusimama langoni. Alitoa kijiti mdomoni. "Breki zake ni za kupampu," aliniambia. "Kanyaga mara mbili." Kisha akarudi ndani. Wazee walikaa hatimaye mwaka ukiisha, pikapu ikawa yake, na sikuwa na neno la kupinga.

Mama mkwe alipanda nyuma kwenye bodi, mahali pa magunia, ambapo mama yeyote anaweza kukaa. Nikaendesha hadi langoni, mwendo wa mtu anayebeba mayai. Alipiga bati kwa kiganja, nikasimama. Akashuka, akalifungua lango, akabaki amelishika.

"Twende wote, Mama," nilisema. "Ukaone nilipo. Jioni nitatafuta njia ya kukurudisha."

Aliitazama barabara pande zote mbili kama mtu anayengoja kuvuka. "Mimi mume wangu alikufa wakati hakuna gari," akasema. Nilipopita, alilivuta lango akalifunga akiwa upande wa ndani. Sikuweza kumpungia mkono kwa sababu sikuwa nimezoea kuendesha kwa mmoja.

Sikusimama Awendo wala Rongo. Niliogopa kwamba nikizima haitawaka. Barabara ya kutoka Rodi ilikuwa mashimo matupu wakati huo, nami nilikanyaga breki mara mbili kwa kila shimo. Nilipoingia uwanja wa shule watoto walikuwa kwenye mistari na bendera ilikuwa imeshapanda. Nikazima gari, nikabaki ndani. Mwalimu mkuu, mama wa Kimeru asiyejua mambo yetu mengi, alitoka mbele ya paredi akaja moja kwa moja mpaka dirishani na kunyoosha mkono.

Sikuutoa wangu. Tangu tulipomzika Otieno hakuna mtu aliyekuwa amenishika mkono, hata mama mkwe, na nilikuwa nimesahau hilo mpaka nilipouona mkono wake unaningoja. Niliificha mikono yangu mapajani. Aliitazama, ikiwa myeusi mpaka kwenye kucha na vidole vimechubuka, akadhani ninaona haya kwa ajili ya oili. Akafanya kama tunavyofanya sote mtu akiwa na mikono michafu. Aliingiza mkono dirishani, akanishika kifundo cha mkono, akakitikisa.

"Karibu, mwalimu," alisema, akiwa bado amenishika. "Darasa lako limesimama juani."